Mbonyeza Vitufe

Mdogo wangu aliingia maabara saa za kazi akiwa amezungusha taulo shingoni na kuvaa miwani ya jua. Akaipita foleni nzima ya wagonjwa waliokaa na vikopo vyao mkononi, akaja moja kwa moja hadi dirishani kwangu. Watu walimtambua papo hapo. Ile miwani haijawahi kumficha; kazi yake ni kumtangaza.

"Dada, nipime koo," alinong'ona.

"Foleni huioni?"

"Nakuomba, dada. Koo langu limekufa."

Mimi ni mpimaji wa maabara kwenye zahanati. Watu huniletea damu yao, mkojo wao na makohozi yao, naviweka chini ya hadubini na kusema kilichomo. Sisemi ninachotamani kiwemo. Mume wangu hunitania kwamba majirani wana umbea wa kawaida ila mimi nina umbea wenye cheti, nami sibishi, kwa sababu kitu kikinishangaza sikiachii mpaka nikijue. Ndiyo maana sikumfukuza mdogo wangu, ingawa alistahili. Nilimwingiza ndani, nikamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, nikamwambia apanue kinywa.

Huyu ni mtu ambaye mji mzima unamwita Chiriku, na mabango yake yamebandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo. Lakini nilipomgusa koo kwa kijiti cha pamba alijikunja na kutokwa machozi vilevile kama alivyokuwa akifanya utotoni, mama akimnywesha dawa ya minyoo. Niliona wekundu kidogo tu. Nikamuuliza amekula nini, akanitajia tangawizi, limau, vitunguu saumu vibichi, asali na maji ya moto yenye chumvi, vyote siku hiyohiyo. Koo lolote lingelalamika.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Unashindwa kumeza?"

"Nameza vizuri."

"Sasa limekufaje?"

Alivua miwani, na hapo nikaona kwamba hatanii. "Ni pale, dada. Pale pa mlango. Pamenikataa kabisa."

Sikuhitaji kuuliza pale wapi. Wimbo uliomtoa una mahali ambapo ngoma, gitaa na kila kitu vinanyamaza ghafla, inabaki sauti peke yake ikisema, "Ukienda nenda, ila niachie mlango wazi." Halafu muziki unarudi. Ni mstari mmoja tu. Lakini nimeona watu wakiacha kutafuna ukifika hapo. Nimemwona dereva wa gari letu la wagonjwa, baba mzima mwenye ndevu, akikawia kuzima redio ili mstari upite kwanza. Hata mimi vinyweleo hunisimama kila mara, na nilishajiuliza sana kwa nini, maana maneno yenyewe hayana ajabu, na sauti ya mdogo wangu naijua tangu analilia nepi.

"Shoo zote za nyuma walikuwa wanaupiga wimbo wenyewe, mimi nafuatisha tu juu yake," alinieleza. "Sasa Jumamosi ijayo ni bendi, kila kitu moja kwa moja. Nimefanya mazoezi mpaka basi. Noti zote nazifikia. Lakini nikijirekodi kwenye simu nikasikiliza, pale hamna kitu. Ni mtu mwingine kabisa! Nimejiharibu koo, dada. Kama haliponi, siendi uwanjani. Natangaza naumwa, na muziki naacha. Siwezi kwenda kuzomewa na uwanja mzima."

Alisema hayo ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili. Niliingiwa na hofu. Wazazi wetu walituacha sisi wawili tu, na huyu hana kazi nyingine anayoiweza. Aliwahi kujaribu kushona nguo, akamtengenezea mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, kisha akamlaumu mteja.

Vipimo vyake nilivifanya kwa makini kuliko vya mtu yeyote. Nikampeleka pia kwa daktari wetu, akamwangalia koo kwa taa na kioo kidogo chenye mpini. Hakukuwa na kitu. Koo lilikuwa zima, na zuri kabisa.

Mwingine angefurahi. Yeye alizidi kunyong'onyea. "Basi ni ugonjwa usioonekana," alisema, akajifunga taulo lake, akaondoka. Nami nikabaki na swali lililonikaa kichwani siku nzima. Kama koo ni lilelile na noti ni zilezile, siku ile ya kurekodi kulikuwa na nini ambacho sasa hakipo?

Wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, naye ninalala naye kitanda kimoja.

Mume wangu ndiye prodyuza aliyeutengeneza ule wimbo. Wasanii humwita Fundi. Studio yake ni chumba cha nyuma ya nyumba yetu. Mna kompyuta, spika mbili, maiki moja ambayo huifunika kwa kitambaa kama mtoto mchanga, na kutani kuna magodoro ya zamani niliyokataa yasirudi tena ndani. Hana kile kioo cha kumtenga yeye na mwimbaji kama walichonacho wenye studio kubwa. Humkalisha mwimbaji kwenye stuli, naye anaketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, maiki katikati. Mimi siku zote nilidhani ni ufinyu wa chumba.

Shida ni kwamba Fundi na Chiriku walikuwa hawasemezani. Ilianza redioni. Mtangazaji alimuuliza mdogo wangu siri ya ule mstari ni nini, akajibu kwamba ni koo tu alilojaliwa na Mungu. Akaulizwa, na prodyuza wako je? Akacheka. "Prodyuza? Yule alibonyeza vitufe."

Wakati huo sisi tulikuwa tunamsikiliza huku tukinywa chai. Mume wangu alikiweka kikombe mezani polepole mno, akaenda kuoga ingawa alikuwa ameshaoga. Tangu siku hiyo akawa hajiiti kwa jina jingine. Nikimwomba awashe taa, "Subiri, mbonyeza vitufe anakuja." Nikimuuliza atakula nini, "Mbonyeza vitufe hachagui." Na mdogo wangu akija kula kwetu Jumapili, kila mmoja alizungumza kupitia kwangu. "Dada, mwambie shemeji anipe chumvi." Chumvi iko katikati yao, na shemeji yuko umbali wa mkono mmoja!

Kule zahanati nako kila mtu alikuwa na hukumu yake. Dada wa mapokezi alisema mwimbaji ndiye kila kitu, kwani nani amewahi kumpigia makofi aliyejenga jukwaa? Dereva akamjibu kwamba mwimbaji bila prodyuza ni mtu anayejiimbia bafuni. Walibishana mpaka wagonjwa wakachangia. Mimi sikuchagua upande. Pale maabara tuna mashine ya kuzungusha damu. Ukiizungusha kwa kasi damu inajitenga yenyewe, nyekundu inakaa chini, ya manjano juu, ukaona kila kimoja kipo kiasi gani. Nilikuwa natamani kuutia ule wimbo humo ndani.

Alasiri nilipotoka kazini nilienda studio kabla hata ya kuvua viatu.

"Nifungulie ule wimbo," nilimwambia mume wangu. "Sauti peke yake, bila muziki."

"Wa kazi gani?"

"Nataka kuusikia."

"Kamuulize mwenye koo."

"Mwenye koo anadhani anakufa."

Siri za wagonjwa huwa sizitoi, lakini ndugu aliyeruka foleni hana madai. Nilimweleza yote, taulo, tangawizi, hofu ya kuzomewa, na kwamba Jumamosi hatakwenda. Mume wangu alisikiliza akichezea waya. "Koo lake halina kitu," alisema.

"Najua halina kitu, nimelipima. Wewe umejuaje?"

Alivuta kiti, akafungua kompyuta, akatafuta. Anayo sauti kavu ya kila wimbo, yaani sauti kama ilivyoingia kwenye maiki kabla haijapambwa. Akaipiga. Ilikuwa ajabu kumsikia mdogo wangu amevuliwa muziki wote vile, stuli inalia chini yake, anavuta pumzi, anameza mate. Kisha ukaja ule mstari, na vinyweleo vikanisimama palepale, bila ngoma, bila gitaa. Basi haukuwa ujanja wa muziki kunyamaza.

"Rudia."

Alirudia.

"Tena. Ongeza sauti."

"Utaziua spika zangu."

"Fundi, ongeza."

Kazi yangu ni kutazama kitu kilekile mpaka kisichofanana na vingine kijitokeze. Mara ya kwanza huoni. Unatazama tena na tena, halafu ukishakiona huwezi tena kutokiona. Chini ya sauti ya mdogo wangu kulikuwa na nyingine, nzito, yenye mikwaruzo, inayotangulia nukta moja na kumsubiri. Ilianzia kwenye "ukienda" na kuishia kwenye "wazi".

"Kuna mtu wa pili humo," nilisema.

Mume wangu aliinuka akaenda kurekebisha godoro la ukutani ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Ni wewe?"

Akalipigapiga godoro kulitoa vumbi.

"Wewe, ambaye hata bafuni huimbi?"

Aliongea akiwa amelielekea godoro. "Siku ile alikuwa anaurembaremba mno ule mstari. Anapanda, anashuka, anauzungusha. Kila alivyouimba ulikuwa mzuri, na mimi simwamini. Nikamwambia, acha kuimba, omba. Mwombe mtu. Lakini yule hajui kuomba, mke wangu, wewe ulimlea kwa kumpa kila kitu."

Hilo nililiweka kando kwa ajili ya siku nyingine.

"Maneno yaliponiishia nikamwimbia mwenyewe," aliendelea, "vile nilivyokuwa nausikia kichwani. Maiki iko wazi. Akanidaka njiani, tukamaliza pamoja. Alikuwa amefumba macho. Baada ya hapo akaurudia peke yake mara nyingi, safi kabisa, na mpaka leo anaamini nilichukua mojawapo ya hizo."

"Kwa nini hukuchukua?"

"Nilichukua. Nikaiweka, ikalala. Nikaweka nyingine, nayo ikalala. Nikairudisha ile yetu, wimbo ukaamka. Kujitoa siwezi, maiki ni moja, tumeshaingia pamoja. Basi nikaichukua moja ya zile safi nikaitandika juu yangu, kama shuka juu ya godoro. Watu wanaona shuka."

Nilimuuliza kwa nini hajawahi kusema, hata kwangu. Ndipo akanieleza kitu ambacho miaka yote ya ndoa sikukijua. Alipokuwa kijana alisimama kwenye harusi ya kaka yake kumwimbia bwana harusi, na watu wakacheka mpaka bibi harusi akajifunika uso. Hakuimba tena. "Nikahamia upande wa vitufe," alisema.

"Sasa unataka nini hasa? Usifiwe, au usijulikane?"

Alifikiri. Mume wangu akiulizwa swali la kweli hulifikiria kweli, na hilo ndilo lililonifanya nimkubali.

"Sitaki sifa za kuimba. Mimi pale nilisikiliza. Nilikaa mbele ya yule kijana mchana kutwa, nikamsikiliza mpaka nikajua upi ni uongo na upi ni kweli. Hiyo ndiyo kazi yangu. Halafu anakwenda redioni anasema..." Macho yake yalikuwa mekundu.

Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia. "Na unamwacha mwenzako ajimalize kwa tangawizi?"

"Ukimwambia ndiyo utamuua. Atajua kwamba kile wanachokipenda watu si chake peke yake. Niapie hutamwambia."

Niliapa. Na mimi nikiapa, nashika. Lakini niliapa kutosema. Sikuapa kutopika.

Jumapili niliandaa chakula cha mchana, nikatandika kitambaa changu kipya cha mezani, na nikamwita mdogo wangu mapema. Alikuja na taulo lake. Tulikula watu watatu kama tuko msibani. Tulipomaliza, mume wangu alikusanya sahani akaenda kuziosha jikoni. Tangu ile siku ya redio, sahani zetu za Jumapili zilikuwa zinang'aa, kwa sababu ndiyo njia yake ya kutokaa na shemeji yake. Kati ya jikoni na sebule yetu kuna pazia tu.

"Haya," nilimwambia mdogo wangu. "Imba pale nikusikie."

"Dada, koo."

"Koo nimelipima mimi. Imba."

"Sitaki."

"Makamasi yako nimefuta mimi. Imba!"

Aliimba. Ulikuwa mzuri, kila noti mahali pake, na mwishoni akauzungusha kidogo kwa madoido. Haukunifanya lolote. Sahani ziliendelea kugongana jikoni.

"Tena," nilisema.

Aliimba tena. Safari hii sahani zilinyamaza katikati. Nilisikia maji ya bomba yanatiririka peke yake, kisha yakafungwa. Nikapaza sauti, kwa ajili ya masikio ya kule nyuma ya pazia.

"Basi, nimesikia. Kweli limekufa. Wapigie simu wa uwanjani, waambie huendi."

Mdogo wangu alinitazama kama niliyempiga kofi. Nadhani alikuja akitumaini nitambishia. Aliitoa simu mfukoni, akaishika, hakubonyeza kitu. Moyo uliniuma nikakaribia kuvunja kiapo. Kisha, si kwangu wala kwa mtu yeyote, macho ameyafumba, alianza ule mstari polepole, kama mtu anayeaga kitu chake.

"Ukienda..."

Na kutoka jikoni sauti nzito yenye mikwaruzo ikaingia chini yake, ikamtangulia nukta moja, ikamsubiri. Wakaenda pamoja mpaka "wazi".

Vinyweleo vilinisimama mwili mzima. Nilijaribu hata pale kuzitenga, hii ya huyu na ile ya yule, kwa sababu ndivyo nilivyo, na nikashindwa.

Mdogo wangu alifumbua macho. Alinitazama, akalitazama pazia, akanitazama tena. Sikusema neno, nilikuwa nimeapa. Akainuka, na badala ya kwenda jikoni akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amekaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo ameupinda, taulo ameliweka chini. Nikafikiri, haya, umbea wako wenye cheti umekufikisha hapa, umewapoteza ndugu na mume kwa mlo mmoja.

Alikaa sana. Kisha akaingia, akapita mbele yangu, akavuta pazia. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya sinki, povu mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyefumaniwa.

"Siku ile ulikuwa wewe?" mdogo wangu aliuliza. Hakuwa ananong'ona tena.

"Mimi nilibonyeza vitufe tu, shemeji."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Akaitazama ile mikono yenye povu.

"Nimekunywa tangawizi wiki nzima," alisema.

"Nimesikia."

"Watu wanapiga kelele pale, nadhani wananipigia mimi."

"Wanakupigia wewe. Koo ni lako. Mimi nilikuwa nakuonyesha njia tu."

"Basi njoo unionyeshe tena," alisema mdogo wangu. "Kabla ya Jumamosi. Shemeji, njoo ubonyeze tena."

Alirudi sebuleni akavuta viti viwili, akavipanga vikitazamana, karibu kabisa, ingawa sebule yetu ina nafasi tele. Akakaa kwenye kimoja. Mume wangu alimfuata, akajifuta povu lote kwenye kitambaa changu kipya cha mezani, akakaa mbele yake. Sikumgombeza.